Mabadiliko ya Mpangilio na Ukubwa wa Vyumba katika Fleti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wapangaji, wanunuzi, na wanafunzi wa usanifu majengo wanaotaka kufahamu kwa nini fleti za leo zimegawanywa kama zilivyo. Hoja inayoyaongoza ni moja: idadi ya mita za mraba pekee haitoshi kueleza ubora wa makazi, kwa maana katika kila zama vyumba vilipangwa kufuata mahali maji yalipofika, upande mwanga ulikoingilia, na mtu aliyefanya kazi za nyumbani.

Fleti za kwanza zilikuwa na vyumba vya namna gani?

Nyumba za ghorofa za kupangisha zilikuwepo tangu Roma ya kale, na mabaki yaliyohifadhika vizuri zaidi yako Ostia, mji uliokuwa bandari ya Roma. Katika karne ya 2 baada ya Kristo palijengwa huko majengo ya matofali na zege ambayo fleti zake bora zilifanana kwa mpangilio: ukumbi mrefu uliopata mwanga kwa madirisha ya upande wa barabara, vyumba vidogo vya kulala vilivyofunguka kwenye ukumbi huo, na chumba kikubwa kimoja au viwili kwenye ncha zake kwa ajili ya kupokelea wageni. Sakafu ya chini mara nyingi ilikuwa ya maduka. Kadiri mtu alivyopanda ngazi, ndivyo vyumba vilivyokuwa vidogo na duni, kwa sababu maji hayakupandishwa juu na wapangaji walilazimika kuyabeba wenyewe. Kaisari Augusto aliweka kikomo cha urefu wa majengo cha futi 70 za Kirumi, yaani mita 20 na kidogo, na baadaye Kaisari Trajan akakishusha hadi futi 60, kwa kuwa majengo marefu yalikuwa yakiporomoka na kuteketea kwa moto.

Kwa nini zamani ghorofa za juu zilikuwa za maskini, na leo ndizo zenye bei kubwa?

Sababu ni lifti. Kabla yake, kila ngazi ilikuwa gharama inayolipwa kwa miguu. Katika majengo yaliyoenea Paris wakati Georges-Eugène Haussmann alipokuwa mkuu wa mkoa wa Seine, kuanzia 1853 hadi 1870, sakafu ya chini ilikuwa ya maduka, ghorofa ya pili ilikuwa ya familia tajiri yenye dari ndefu na roshani ndefu, kisha dari zikapungua kimo ghorofa baada ya ghorofa hadi chini ya paa, ambako palikuwa na vyumba vidogo vya watumishi vilivyofikiwa kwa ngazi ya nyuma. Jengo moja lilibeba matabaka yote ya jamii, yakiwa yamepangwa kwa wima.

Elisha Otis alifunga lifti yake ya kwanza ya abiria mwaka 1857, katika duka moja la New York, na miongo michache baadaye lifti zikaingia katika majengo ya makazi. Ghorofa ya juu, iliyo mbali na kelele na vumbi na yenye mandhari na hewa, ikageuka kuwa ndiyo inayotafutwa. Vile vyumba vya watumishi vya Paris bado vipo, na vingi vimekuwa makazi ya wanafunzi na wafanyakazi wa kipato cha chini. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2002 inataka makazi ya kupangisha yawe na angalau chumba kimoja kikuu chenye mita za mraba 9 na kimo cha mita 2.2, au ujazo wa mita 20 za ujazo, na vipo vingi miongoni mwa vyumba hivyo visivyofikia kipimo hicho.

Ni kweli kwamba vyumba vya zamani vilikuwa vikubwa kuliko vya leo?

Jibu linategemea nyumba ya nani inayotazamwa. Majengo ya zamani yaliyosalia katika hali nzuri kwa kawaida ni ya watu waliokuwa na uwezo, na hayo ndiyo yanayotufanya tuamini kwamba kila mtu aliishi katika vyumba vipana. Jengo la Dakota la New York, lililokamilika mwaka 1884, lilikuwa na fleti 65 zenye vyumba kati ya 4 na 20 kila moja. Katika jiji hilohilo, jengo la namba 97 Orchard Street, lililojengwa mwaka 1863 na ambalo sasa ni makumbusho, lilikuwa na fleti za mita za mraba 30 hivi zilizogawanywa katika vyumba vitatu, ambamo iliishi familia nzima pamoja na watoto wake, wakati mwingine na mpangaji wa ziada aliyesaidia kulipa kodi. Tukigawa mita hizo 30 kwa watu sita, kila mmoja anabaki na mita 5.

Hata chumba kikubwa hakikumaanisha maisha ya nafasi. Baada ya mapinduzi ya 1917, fleti kubwa za matajiri wa Moscow na Petrograd (leo St. Petersburg) nchini Urusi ziligawanywa, kila familia ikapewa chumba kimoja, na jiko, choo na bafu vikawa vya watu wote wa fleti. Dari zilikuwa ndefu na kuta zilikuwa na mapambo, lakini wazazi, watoto na bibi walilala pamoja nyuma ya kabati lililogeuzwa kuwa ukuta. Kipimo rasmi kilichotumika huko kwa muda mrefu kilikuwa mita za mraba 9 kwa mtu, na wengi hawakukifikia.

Kwa hiyo, jambo lililobadilika kwa hakika ni idadi ya watu kwa kila chumba. Katika nchi nyingi kaya zimepungua ukubwa, watu wanaoishi peke yao wameongezeka, na inawezekana kabisa fleti ikawa ndogo kuliko ile ya kizazi kilichopita huku kila mkazi akiwa na nafasi kubwa zaidi. Anayelinganisha fleti za zamani na za sasa bila kuuliza ni wangapi walioishi humo analinganisha kuta tu.

Ni lini dirisha lilipokuwa sharti la kila chumba?

Hili ndilo badiliko ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko yote, kwa sababu liliokoa maisha. Viwanja vya New York vilipimwa kwa upana wa futi 25 na urefu wa futi 100, yaani kama mita 7.6 kwa 30, na wajenzi walikijaza kiwanja karibu chote. Vyumba vya mbele vilipata mwanga wa barabara na vya nyuma vilipata wa uani, lakini vya katikati vilikuwa giza mchana na usiku, na kifua kikuu kilienea humo bila kizuizi.

Sheria ya mwaka 1879 ilitaka kila chumba cha kulala kiwe na dirisha linalofungukia nje. Wajenzi waliitimiza kwa kubana jengo katikati, kila upande, wakaacha upenyo mwembamba wa hewa kati ya jengo na jirani yake. Upenyo huo ulikuwa mdogo kiasi kwamba haukuleta mwanga wa maana. Uligeuka kuwa shimo la takataka na harufu, na moto ulipozuka ulikuwa njia ya kuupandisha kutoka ghorofa hadi ghorofa. Ilipasa kusubiri hadi sheria ya 1901, iliyodai ua wa kutosha, madirisha yanayofungukia hewa ya wazi, na choo ndani ya kila fleti mpya.

Berlin ilipitia mkondo kama huo. Kanuni za ujenzi za mwaka 1853 ziliruhusu ua wa ndani wenye mita 5.34 tu kila upande, kipimo kilichotokana na nafasi ya kugeuzia gari la zimamoto, wala hakikuhusiana na afya ya wakazi. Jengo liliweza kuwa na nyua kadhaa zilizofuatana, na fleti za nyua za ndani hazikuona jua kwa miezi mingi. Mahali ambapo jengo la mbele lilikutana na bawa la pembeni palizaliwa chumba kikubwa cha kona chenye dirisha moja tu, kilichotumika kama sebule na njia kwa wakati mmoja, na ambacho hadi leo kinajulikana kwa jina la jiji hilo.

Jiko lilibadilikaje?

Historia ya jiko inaeleza mabadiliko ya fleti nzima. Katika fleti za wafanyakazi za karne ya 19, jiko lilikuwa ndicho chumba chenye moto, kwa hiyo familia ilipika, ikala, ikaoga, ikafua na mara nyingi ikalala humo. Katika fleti za matajiri mambo yalikuwa kinyume: jiko liliwekwa mwisho wa ujia, karibu na ngazi ya watumishi, ili moshi, harufu na kelele visifike sebuleni, na mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kuingia humo. Kutokana na tofauti hiyo, jiko la tajiri lilikuwa chumba cha kazi tu, na la maskini lilikuwa nyumba yenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo waliotaka kuliondoa kabisa. Mwaka 1903 lilifunguliwa Copenhagen jengo ambalo fleti zake hazikuwa na majiko. Chakula kilipikwa katika jiko moja kuu na kupandishwa kwa lifti ndogo. Jengo la Narkomfin la Moscow, lililojengwa kati ya 1928 na 1930 chini ya usanifu wa Moisei Ginzburg, lilikuwa na fleti zenye sehemu ndogo tu ya kupashia chakula, kwa kuwa ilitarajiwa kwamba watu wangekula pamoja katika ukumbi wa jengo. Majaribio haya hayakuenea. Watu wengi walipenda kupika kwao.

Njia iliyoshinda ilikuwa kulibana jiko na kulipanga kisayansi. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alisanifu jiko la mita 1.9 kwa 3.4 kwa ajili ya mradi wa nyumba za umma wa Frankfurt ulioongozwa na Ernst May. Alipima hatua za mpishi, akachunguza majiko ya mabehewa ya treni, kisha akaweka kila kifaa mahali kinapofikiwa kwa mkono: droo za nafaka, meza ya kukatia chini ya dirisha, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani. Majiko kama 10,000 yalijengwa. Lengo lake lilikuwa jema, kwani alitaka kumpunguzia mwanamke saa za kazi zisizolipwa. Hata hivyo, jiko la mtu mmoja lilimtenga huyo mtu na familia yake, likafanya iwe vigumu kwa watoto au mume kusaidia, na kasoro hiyo inastahili kutajwa waziwazi pamoja na sifa zake.

Japani ilichukua njia nyingine. Ramani ya nyumba za umma iliyoitwa 51C, ya mwaka 1951, ililipanua jiko kidogo ili meza ya kulia iingie humo, kwa msingi kwamba mahali pa kula patenganishwe na mahali pa kulala hata katika fleti ndogo. Shirika la nyumba la nchi hiyo lilipoanzishwa mwaka 1955, fleti ya vyumba viwili na jiko la kulia ikawa kielelezo cha maisha mapya kwa mamia ya maelfu ya familia.

Baadaye ukuta kati ya jiko na sebule ulianza kuondoka. Katika jengo la msanifu Le Corbusier la Marseille, Ufaransa, lililokamilika mwaka 1952, jiko lililobuniwa kwa mchango wa mbunifu Charlotte Perriand lilifunguka kwenye sebule kwa kaunta. Feni za kuvuta moshi, majiko ya umeme na ya gesi, na friji zilizopunguza haja ya stoo ya chakula ziliwezesha mpangilio huo kuenea. Leo fleti nyingi mpya zina chumba kimoja kwa mapishi, maakuli na mapumziko. Mjenzi huokoa ukuta, mlango na dirisha moja, na mnunuzi huambiwa kwamba amepata uwazi. Mara nyingine uwazi huo ni wa kweli. Mara nyingine ni jiko lisilo na dirisha lililosukumwa gizani mwa sebule.

Choo na bafu viliingia lini ndani ya fleti?

Vilichelewa, na viliingia kwa hatua. Katika nyumba za kupangisha za Vienna za karne ya 19, bomba la maji lilikuwa kwenye ujia wa kila ghorofa na vyoo vilitumiwa kwa pamoja. Manispaa ya jiji hilo ilipojenga nyumba za umma baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliingiza maji na choo ndani ya kila fleti, ingawa fleti nyingi zilikuwa na mita za mraba 38 tu na kuoga kulibaki katika mabafu ya pamoja. Hong Kong, baada ya moto wa Shek Kip Mei wa tarehe 25 Desemba 1953, ilijenga majengo ya dharura ambayo kila mtu mzima alikadiriwa futi za mraba 24, yaani mita 2.2 hivi, maji na vyoo vilikuwa vya pamoja, na watu walipika kwenye ujia wa nje mbele ya mlango.

Mara bafu lilipoingia, lilitaka kukaa karibu na jiko ili mabomba yashirikiane. Uingizaji hewa kwa feni uliwezesha kulipeleka katikati ya jengo, mahali pasipo na dirisha, na hapo ukuta wa nje ukaachwa kwa vyumba vya kulala na sebule. Bafu la pili, lile la chumba masta, ni jambo la miongo ya karibuni katika sehemu nyingi, na nafasi yake imekatwa kutoka vyumba vingine.

Kwa nini fleti za zamani zina ujia mrefu na za sasa hazina?

Ujia uliwekwa ili watu wasipitie chumba cha mwingine. Katika nyumba kubwa za Ulaya za zamani vyumba vilifuatana, mlango ukitazamana na mlango, na ili kufika cha mwisho ulivipita vyote. Kadiri faragha ilivyothaminiwa, na kadiri ilivyotakiwa mtumishi asipishane na mgeni, ujia ulikua. Watumishi walipoondoka katika fleti za kawaida katika karne ya 20, ujia ulianza kuhesabiwa kuwa nafasi isiyotumika, na wasanifu waliotaka kuokoa mita waliufupisha au waliufuta kwa kufanya sebule iwe njia.

Naona ujia unahukumiwa isivyo haki. Ujia wenye upana wa kutosha huzuia kelele, hubeba makabati, na humwezesha anayelala mapema kupata usingizi ilhali wengine wapo sebuleni. Katika fleti ambayo milango mitatu inafungukia sebuleni, kuta za sebule hazina tena mahali pa kuweka kochi.

Dari zilishuka kwa sababu gani?

Wataalamu wa afya wa karne ya 19 walihesabu ujazo wa hewa kwa kila mtu, na kabla ya umeme taa za gesi na mishumaa zilijaza chumba joto na moshi, kwa hiyo dari ya mita 3 au zaidi ilikuwa na faida halisi. Umeme na uingizaji hewa wa kisasa ulipofika, hoja ya gharama ilipata nguvu: ukipunguza sentimita 20 kwa kila ghorofa katika jengo la ghorofa 15, umeokoa mita 3, yaani unaweza kuongeza ghorofa nzima ndani ya urefu uleule. Le Corbusier alitumia mita 2.26 huko Marseille, akiegemea kimo cha mtu aliyeinua mkono, ila aliipa kila fleti sebule yenye sehemu iliyopaa ghorofa mbili. Waliomwiga katika kimo cha chini mara nyingi waliacha sehemu ile iliyopaa.

Nyumba za vipande vya zege zilibadilisha nini?

Zilibadilisha kasi, na kasi ikabadilisha vyumba. Serikali ya Kisovyeti ilipiga marufuku mapambo ya ziada katika ujenzi mwaka 1955, na mwaka 1957 ikaazimia kuipa kila familia fleti yake. Majengo ya ghorofa tano yaliyotengenezwa kiwandani kwa vipande vikubwa vya zege, ambayo watu waliyaita kwa jina la Nikita Khrushchev, kiongozi wa nchi wakati huo, yaliishia ghorofa ya tano ili lifti isihitajike. Dari ilikuwa mita 2.5 hivi, jiko lilikuwa na mita za mraba 5 hadi 6, choo na bafu viliunganishwa, na katika ramani nyingi ilikulazimu kupitia chumba kimoja kufika kingine.

Ni rahisi kuzidharau fleti hizo kwa vipimo vya leo. Kwa familia iliyotoka katika chumba kimoja cha fleti ya pamoja, kufunga mlango wake yenyewe na kupika katika jiko lisilo la jirani kulikuwa hatua kubwa, na mamilioni ya watu waliipiga ndani ya miongo miwili.

Nani alianza kuweka vipimo vya chini vya vyumba?

Mjadala ulishika kasi mwaka 1929, wasanifu wa kimataifa walipokutana Frankfurt kujadili makazi ya kiwango cha chini kinachomwezesha mtu kuishi kwa heshima. Mfano uliofanyiwa kazi kwa makini zaidi ni ripoti ya kamati ya Parker Morris ya Uingereza ya mwaka 1961. Badala ya kutaja tu ukubwa wa kila chumba, kamati iliuliza watu wanafanya nini ndani ya nyumba na wanahitaji samani zipi, kisha ikapata eneo la jumla kutokana na majibu hayo. Ilitambua pia kwamba nyumba nzima ikipashwa joto, chumba cha kulala kinaweza kutumika mchana kwa kusoma au kucheza, na hivyo nyumba inakuwa kubwa bila kuongezwa ukuta. Vipimo hivyo vilikuwa vya lazima kwa nyumba za halmashauri kuanzia 1969, vikafutwa mwaka 1980.

Mwaka 2015 Uingereza ilitoa vipimo vipya ambavyo mamlaka za mitaa zinaweza kuvitumia katika mipango yao. Fleti ya mtu mmoja inatakiwa kuwa na mita za mraba 39, au 37 ikiwa ina bafu la manyunyu badala ya bafu la kulala. Ya watu wawili yenye chumba kimoja cha kulala 50. Ya watu wanne yenye vyumba viwili 70. Chumba cha mtu mmoja kisipungue mita 7.5, na cha watu wawili kisipungue 11.5. Kipengele ninachokithamini zaidi ni upana: chumba kikuu cha kulala kiwe na angalau mita 2.75, kwa sababu mita za mraba 11.5 zilizonyooshwa kama ujia hazimfai mtu anayetaka kuzunguka kitanda chake.

Je, fleti ndogo sana ni jambo jipya?

Hapana. Jengo la Nakagin la Tokyo, la mwaka 1972, lilikuwa na vidonge 140 vya makazi, yaani vyumba vidogo kama visanduku, vyenye mita za mraba 10 hivi kila kimoja, vilivyoundwa kiwandani na kufungwa kwenye nguzo mbili za zege. Msanifu wake, Kisho Kurokawa, alikusudia vibadilishwe kila baada ya miaka kadhaa. Havikubadilishwa kamwe, na jengo lilivunjwa mwaka 2022. Mwaka 2016 New York ilipokea jengo la Carmel Place lenye fleti 55 za mita za mraba 24 hadi 33, lililoruhusiwa kwa kulegeza kanuni iliyodai kama 37.

Fleti ya namna hii inaweza kumfaa mtu mmoja kwa kipindi fulani ikiwa ina dari ndefu, dirisha kubwa, makabati yaliyofikiriwa na huduma za pamoja zinazofanya kazi. Hatari yake ni kwamba kipimo cha dharura huzoeleka haraka, na kile kilichokusudiwa kuwa cha kijana anayeanza maisha hugeuka kuwa makazi ya kudumu ya mama na mtoto wake.

Stoo na roshani zimeenda wapi?

Stoo ndiyo iliyokatwa kwanza kila gharama ilipobanwa, kwa kuwa haionekani katika picha za matangazo. Roshani ina historia tofauti. Nchini Korea Kusini wakazi wengi waliifunga roshani kwa vioo na kuiunganisha na sebule kinyume cha kanuni, hadi serikali iliporuhusu jambo hilo Desemba 2005; tangu hapo vyumba vimeonekana vipana zaidi katika eneo lilelile, lakini mahali pa kuanika nguo na kuweka mimea pamepotea. Vizuizi vya kutoka nje vya mwaka 2020 viliwakumbusha watu thamani ya mita chache za hewa ya wazi, na pia ya kona yenye meza ambapo mtu anaweza kufanya kazi akiwa amefunga mlango.

Kwa nini tangazo linataja mita nyingi kuliko zile ninazozipima?

Kwa sababu zipo namna kadhaa za kupima. Baadhi huhesabu unene wa kuta, roshani, na hata sehemu ya ngazi na korido za jengo zinazotumiwa na wote. India ililishughulikia tatizo hili kwa sheria ya mwaka 2016 inayomtaka mwendelezaji aeleze eneo la sakafu linalotumika ndani ya kuta za nje za fleti. Uliza daima ni kipimo kipi kimetumika, na upime mwenyewe.

Ninapotazama ramani ya fleti, nianze na nini?

Anza na ukuta wa nje: hesabu ni vyumba vingapi vinavyoufikia, na kama madirisha yapo upande mmoja au pande mbili. Fleti yenye madirisha pande mbili hupitisha upepo yenyewe, na hilo haliwezi kuongezwa baadaye. Majengo mengi ya leo yana korido ya katikati yenye fleti kila upande, mpangilio unaopunguza idadi ya ngazi na lifti lakini unaoifanya fleti ipate mwanga upande mmoja tu na iwe na kina kirefu. Kisha chora samani zako kwa kipimo, ukianza na kitanda na kabati, na uangalie milango inafungukia wapi. Mwisho tafuta mahali pa vitu visivyotumika kila siku, kwani visipopewa mahali vitakaa sebuleni.

Je, inawezekana kurekebisha fleti ya zamani ili ifuate mpangilio wa sasa?

Inategemea kinachobeba jengo. Katika majengo ya nguzo na mihimili ya zege, kuta nyingi za ndani ni za kugawa tu na zinaweza kuondolewa. Katika majengo ya vipande vikubwa vya zege, kuta za ndani mara nyingi ndizo zinazobeba sakafu ya juu, na kukata mlango bila hesabu za mhandisi kunahatarisha kila anayeishi juu yako. Katika majengo ya matofali ya karne ya 19, tazama kwanza ukuta ulio sambamba na barabara katikati ya jengo, kwani mara nyingi boriti za mbao zimelala juu yake.

Kigumu kuliko kuta ni choo. Bomba lake ni pana na linapaswa kuteremka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kwa hiyo ukikisogeza mbali na bomba kuu la wima unalazimika kuinua sakafu au kupita katika dari ya jirani wa chini, ambaye ana haki ya kukataa. Jiko husogezeka kwa urahisi zaidi, kwa kuwa bomba la sinki ni jembamba, na ndiyo maana katika fleti nyingi zilizokarabatiwa jiko limehamia sebuleni huku choo kikibaki palepale kilipowekwa na mjenzi wa kwanza.